Kipimo cha Kivuli

Jua lilikuwa limebakiza upana wa kiganja juu ya vilima vya Salamina Zabeta alipotoka nyumbani na sufuria ya dengu mkononi. Kwa kawaida haikuwa kazi yake. Shangazi Stamata ndiye aliyempelekea baba yake Zabeta chakula kila jioni kule pwani ya Perama, kwenye uwanja wanakokata meli kuukuu. Lakini siku hiyo Shangazi alilala na homa, na kabla hajageukia ukutani alisema neno moja tu.

"Mpe, urudi. Usisimame na jua mgongoni."

Zabeta alikuwa anakaribia miaka kumi na sita, na maneno hayo aliyasikia tangu hajaota meno. Pita upande wenye kivuli. Usiende gatini jua likizama. Wasichana wengine walikatazwa wavulana. Yeye alikatazwa jua la jioni, na hakuna aliyewahi kumwambia sababu.

Alitembea polepole. Alikuwa amechoka.

Uchovu ule haukuwa wa kazi. Ulianza wiki mbili nyuma, siku moto wa gesi ulipogusa kwa mara ya kwanza ubavu wa Alkioni, nyambizi ya baba yake. Siku walipokata mnara, Zabeta alishindwa kuinua ndoo ya maji. Siku walipong'oa mirija ya topedo, alizimia mbele ya duka la mikate. Shangazi alisema ni ile njaa ya vita, bado imo mifupani. Lakini Zabeta alikuwa ameona jambo jingine, na hakumwambia mtu. Watu wote barabarani walikuwa na vivuli virefu, vyeusi. Cha kwake kilikuwa kimechujuka, kama chai iliyotiwa maji mara ya tatu.

Uwanjani, wakataji walikuwa wanakusanya vifaa. Msimamizi wao, Polikroni, mtu mnene mwenye sauti ya kengele, alimwona akija.

"Aa, binti Anargiro! Dengu tena? Tukila hizo, kesho hatuhitaji mtungi wa gesi!"

Wenzake wakacheka. Zabeta naye akajaribu kucheka.

"Shukuru hata dengu," Polikroni aliendelea. "Wale waashi wa milimani waliokuja kujenga gati jipya wamemaliza mikate ya mji mzima. Baba yako yuko kule kwa bikizee wake. Tumefika kwenye mkuku, uti wa chini kabisa. Kesho alfajiri ile risasi iliyopangwa humo inaingia kwenye sufuria ya kuyeyushia, na habari yake imekwisha. Mwambie asilie sana. Mtu hulilia mke, halilii chuma!"

Mmoja wa wakataji alimpiga kiwiko. Polikroni akakumbuka kwamba Anargiro alifiwa na mke, akajifanya anakohoa.

Alkioni ilikuwa imevutwa nusu nchi kavu, nusu majini. Haikuwa na kichwa tena wala mgongo. Mbavu zilikuwa nje.

Anargiro alikuwa fundi wa injini wake tangu mwaka wa ishirini na nane, ilipoletwa kutoka ng'ambo ikiwa mpya, inanuka rangi. Zaidi ya mita sitini. Injini mbili za dizeli za kwendea juu ya maji, na kwa safari za chini ya maji, mamia ya betri, kila moja kimo cha mtoto. Chombo kizuri chenye tabia mbaya moja: kikizama, kilitanguliza pua na hakikutaka kuinuka. Mara mbili kilikaribia kugonga sakafu ya bahari na watu wote ndani. Ndipo mwaka wa thelathini wakakipandisha gudini, mahali pa kutengenezea meli, kukiongezea farumi, uzito wa kukituliza: mapande ya risasi, yale madini mazito, yaliyopangwa ndani ya mkuku kama matofali. Aliyeyapanga alikuwa Mzee Thimio, mwashi wa madaraja kutoka milima ya Epiro, kwa sababu walitaka mtu anayejua kupanga vitu vizito visicheze.

Tangu siku ile nyambizi ikatulia. Tena si kutulia tu. Vita vilipokuja, ilipita katikati ya mabomu yaliyotegwa baharini. Nchi ilipotekwa, ilikimbilia Misri ikaendelea kupigana kutoka kule. Karibu na kisiwa cha Rodo ilikaa chini ya maji saa kumi na tisa, meli za adui zikiitupia mapipa ya baruti kichwani, ikatoka. Nyambizi nyingine hazikurudi. Yenyewe ilirudi kila mara, na mabaharia wake walisema ni kwa sababu ina mwenye nyumba. Kabla ya kila hatari waligongewa mara tatu kutoka chini ya chumba cha betri, mahali pasipoweza kukaa mtu. Nahodha wa kwanza alicheka. Wa pili hakucheka. Alipousikia mlio ule alitoa amri moja tu: "Geuza."

Hayo yote Zabeta aliyajua. Alijua na jingine.

Miaka ile ya vita, yeye alikuwa akigonga usingizini. Mkono wake ulikuwa unanyanyuka wenyewe na kugonga ubao wa kitanda. Mara tatu. Shangazi aliandika tarehe kwa mkaa nyuma ya mlango wa kabati, kila ilipotokea. Anargiro aliporudi mwaka wa arobaini na nne alifungua kabati atafute kikombe, akaziona zile tarehe. Alihesabu kwa vidole: zilikuwa siku zile zile Alkioni ilipogongewa. Akatoka, akaketi kizingitini mpaka kulipokucha. Hakulitaja jambo hilo tena.

Sasa alikuwa amesimama kwenye ukingo wa saruji, jua likiwa nyuma yake, kofia mkononi. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Ungemwona ungesema sitini.

"Kwa nini umekuja wewe?" aliuliza. "Stamata yuko wapi?"

"Ana homa, Baba."

Alimtazama miguuni, pale ambapo kivuli chake kilikuwa karibu kutoweka. Akafumba macho kidogo.

"Haya. Maadamu umekuja, nisaidie." Alitoa mfukoni kitonge cha uzi wa katani uliopakwa lami. "Shika ncha hii. Nenda nayo mpaka kwenye ile pete ya chuma. Napima turubai."

Zabeta aliweka sufuria chini, akaenda na ncha. Pete ilikuwa mbali kidogo, kiasi cha hatua saba. Aliinama akaibana ncha juu yake. Baba yake aliinama pia, akakata uzi karibu na kisigino cha kiatu chake. Kivuli cha kichwa chake kilikuwa kimelala juu ya pete ile ile, juu ya vidole vya Zabeta. Vidole vikahisi baridi.

"Basi," alisema Anargiro, akiuviringa uzi. "Ngoja hapa. Kula kidogo. Nina kitu cha kutoa kule chini kabla ya kesho."

Akaingia katika tumbo la nyambizi na kandili.

Wakataji waliondoka. Uwanja ukanyamaza. Maji yalikuwa yanalamba mabamba yaliyokatwa... yanaacha... yanalamba.

Ko.

Ko.

Ko.

Zabeta aliinua kichwa. Sauti ilitoka chini kabisa. Labda Baba amebanwa. Labda anamwita. Hakuwahi kukanyaga ndani ya chombo kile maisha yake yote, lakini miguu yake ilienda kama inayoijua njia.

Ndani kulinuka mafuta, kutu, tindikali ya betri, na jasho la zamani la wanaume ambalo halikutoka hata kwa moto. Alipita kwenye injini zilizong'olewa vifuniko. Akashuka ngazi. Kisha harufu ikabadilika. Sabuni ya majani yanukiayo... na maziwa. Harufu ya chumba cha mzazi.

Anargiro alikuwa amepiga magoti kwenye mkuku, mtaimbo mkononi. Alishtuka.

"Umefuata nini humu?" alinong'ona.

"Umegonga, Baba. Nikajua unaniita."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

Aliulaza mtaimbo chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

"Mimi sijagonga, mwanangu."

Kandili lilikuwa linatoa sauti ndogo ya kunyonya mafuta.

"Kwa nini tunanong'ona?" Zabeta aliuliza.

"Humu ndimo tulimonong'ona saa kumi na tisa. Mwili haujasahau." Alijifuta uso, akauacha mkono hapo hapo usoni. "Kaa. Nikuambie wakati nguvu ya kusema ninayo. Kule kwao Mzee Thimio daraja halijengwi hivi hivi. Wanamvizia mpita njia jioni, wanakipima kivuli chake kwa uzi bila yeye kujua, na ule uzi wanauzika kwenye msingi. Daraja linasimama miaka mia tatu. Na yule mtu hamalizi siku arobaini. Anakuwa ndiye mwenye daraja, roho inayolilinda."

"Na nyambizi?"

"Nyambizi haina msingi. Ina mkuku."

Zabeta aliyatazama mapande ya risasi, meusi, yamebanana bila upenyo.

"Nilikuwa nimesimama gudini," Anargiro alisema. "Mama yako akaniletea chakula. Dengu, kama zako. Jua linazama. Lambrini wangu anacheka na Thimio, anamwambia babu, utapasuka mgongo na mawe yako haya. Thimio akanipa ncha ya uzi. Akaniambia, Anargiro, ishikie hapo, napima turubai. Nikashika."

Akaukunjua mkono wake, akautazama.

"Mimi mwenyewe, Zabeta. Kwa mkono huu. Siku ya thelathini na moja akafa, saa ile ile uliyozaliwa wewe."

Zabeta aliyaondoa macho kwenye mkono ule.

"Thimio alikuja kwenye arobaini, na sahani ya ngano ya kuchemsha ya marehemu. Akakuona mikononi mwa Stamata. Sahani ikamdondoka. Hakujua. Alipima kivuli kimoja cha mwanamke aliyejitanda shali pana, hakujua kina watu wawili; wewe ulizaliwa kabla miezi haijatimia. Alikuja kuniambia alipokuwa anakufa. Nilimkaba koo mtu anayekufa, mwanangu. Halafu nikamwachia. Ningefanya nini? Watu arobaini walikuwa wanalala juu ya uzi ule."

"Kwa hiyo wanavyomkata Mama humu..."

"Wanakukata na wewe. Nilidhani ni ujinga wa milimani. Mpaka ulipoanguka pale kwenye duka la mikate."

Aliutia mtaimbo kati ya mapande mawili, akasukuma kwa kifua, moja likatoka. La pili. La tatu. Alikuwa anahema kama mzee. Kwenye tofali la nne kulikuwa na tundu lililochongwa, na ndani yake mkebe wa tumbaku uliozibwa kwa nta. Nta ilikuwa nzima, kavu. Anargiro akaivunja.

Uzi uliokuwa ndani ulikuwa umelowa chepechepe. Ulikuwa na uvuguvugu.

"Kesho uzi huu ukiingia kwenye sufuria ya moto," alisema, "na wewe umo. Lazima nikutenge. Lakini sijui mama yako anaishia wapi, na wewe unaanzia wapi."

Aliunyoosha uzi juu ya risasi, akatoa kisu.

"Lambrini," alinong'ona. Zabeta hakuwahi kumsikia akilitaja jina lile kwa sauti ile, sauti ya kijana. "Lambrini, niongoze. Wapi?"

Kimya.

Akaisogeza ncha ya kisu kando ya uzi. Kiganja kimoja. Viwili. Akapita katikati. Maji nje yakaacha kulamba.

Ko. Ko. Ko.

Chini ya magoti yao. Karibu hivyo.

Anargiro akakata pale pale. Kipande kifupi kilichobaki kilikuwa urefu wa mtoto mchanga, wala hakizidi. Akampa Zabeta. Kile kirefu akakikunja, akakibusu, akampa pia.

"Huu mrefu uuzike kaburini kwa mama yako. Kifupi chako ukishone kwenye pindo la nguo, usikichome. Umenisikia?"

"Ndiyo, Baba."

Kisha akatoa mfukoni kitonge kingine cha uzi. Kipya, kinanuka lami. Akakiweka ndani ya mkebe.

Zabeta alikitazama. Akakumbuka pete ya chuma. Akakumbuka ubaridi ule vidoleni. Uwanja mzima haukuwa na turubai hata moja.

"Baba."

"Kimya."

"Baba, ule uzi wa jioni... Mimi ndiye niliyeshika!"

Alirukia mkebe. Baba yake akamshika kifundo cha mkono. Hakumbana. Hakuwa na nguvu ya kumbana, na hiyo ndiyo iliyomfanya asimame.

"Nisikilize. Humu tulikuwa na sheria moja kubwa kuliko zote. Zamu haiachwi mpaka mwenzako aje akuguse bega. Hata kama umechoka. Hata kama unalala umesimama. Mama yako amesimama zamu miaka kumi na sita. Na wewe nusu yake, mtoto mdogo, unagonga mbao kitandani. Na hakuna aliyekuja kuwagusa bega."

"Lakini nyambizi yenyewe imekwisha! Unalinda nini?"

"Sijui," alisema Anargiro. Alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayeona kitanda chake kwa mbali. "Nimechoka, mwanangu. Lakini zamu moja bado naiweza."

Alirudisha mkebe tunduni, akausukuma ndani. Akaweka kiganja juu ya risasi, kama juu ya bega la mtu.

"Zamu imepokewa," alisema.

Kitu kikapita. Haukuwa upepo, kwa sababu mwali wa kandili haukutikisika. Ile harufu ya sabuni na maziwa iliinuka, ikamgusa Zabeta shavuni, ikapanda ngazi, ikaenda zake. Alkioni ikatoa mlio mrefu wa chuma, kama mtu anayevua viatu baada ya siku nzima.

Walipotoka nje, mstari wa mwisho wa jua ulikuwa bado juu ya maji. Zabeta akatazama chini. Kivuli chake kilikuwa cheusi kama wino.

Cha baba yake hakukitazama.

Risasi iliyeyushwa asubuhi. Mvua za kwanza zikanyesha, na kuta zilizobaki za Alkioni zikapakiwa malori. Zabeta aliuzika uzi mrefu. Nguvu zilimrudia, akala, akapanda ngazi mbili mbili, na kila kipande cha mkate kilimkwama kooni kwa kuwa alikuwa anahesabu siku. Kila jioni alimwomba baba yake waende kwa kasisi, waende kwa daktari, waende popote. "Kesho," alisema Anargiro. Siku ya thelathini na nane alirudi kutoka kazini, akaketi kizingitini kuvua viatu. Alivua kimoja. Cha pili kilibaki mguuni.

Polikroni alikuja msibani, kofia mkononi, sauti imemwishia. Chini ya kwapa alikuwa na tofali moja la risasi lililofungwa kwa gunia.

"Hili lenye tundu limetushinda," alimwambia Shangazi. "Yote yameyeyuka, hili moto unalizunguka tu. Watu wangu hawataki kulishika tena. Nikasema libaki kwenu, ukumbusho wa marehemu."

Shangazi alishukuru. Kitanda cha Zabeta kilikuwa na mguu mmoja mfupi, kikiyumba tangu kabla ya vita. Alilichomeka pale, kikatulia. Hakuona haja ya kumwambia mtu.

Wiki ikapita. Jioni moja Shangazi alikuwa kanisani, na Zabeta alikuwa anajiandaa kwenda kuchukua mkate. Alifunga kitambaa kichwani. Akaushika mlango, akaufungua upenyo wa shibiri moja.

Ko.

Ko.

Ko.

Nyuma yake, chini ya kitanda. Taratibu, kwa nafasi ndefu, kama mtu aliyechoka anayeinua mkono mzito.

Zabeta aliganda. Mkono wake mwenyewe ulikuwa mlangoni, haukugonga chochote. Na katika Alkioni mlio ule ulikuwa na maana moja tu, miaka yote. Geuza. Lakini ageuze nini? Alikuwa anakwenda tu kuchukua mkate.

Nje ya mlango mtu alikohoa. Sauti ya mwanamume, ya upole, yenye lafudhi ya milimani.

"Binti? Samahani. Sisi ni wale wa gati jipya. Una dakika moja? Njoo unishikie ncha ya uzi. Napima turubai."

Ko. Ko. Ko.

Zabeta aliuachia mlango, akarudi nyuma hatua moja. Kisha akatazama sakafuni.

Dirisha la magharibi lilikuwa wazi. Jua lilikuwa mgongoni mwake. Kivuli chake, kizito, cheusi, kilikuwa kimelala kutoka visiginoni mpaka kizingitini, na kichwa kilikuwa kimeshatoka nje.